Ni nini huwahamisha wahadhiri Makerere?

Mhadhiri wa Afrika Mashariki anapokwenda kufundisha Ulaya au Marekani, wengi husema amefuata mshahara. Historia ya Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, inaonyesha kuwa mshahara ni sehemu tu ya jibu.

Katika miaka ya 1960 Makerere ilikuwa ikivuta wasomi. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alijiunga nayo mwaka 1963 na baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sayansi ya jamii. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Mwaka uliofuata makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alikamatwa na hakuonekana tena. Mazrui aliondoka, na mwaka 1974 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Hapo mshahara haukuwa hoja.

Mahmood Mamdani naye alifukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine. Alifundisha Dar es Salaam, akarudi Makerere, kisha akaenda Cape Town mwaka 1996 na Columbia, New York, mwaka 1999.

Kufikia wakati huo sababu zilikuwa zimebadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makerere ilipokea wanafunzi wengi wa kujilipia. Madarasa yakafurika, masomo yakaendelea hadi jioni, na wahadhiri wakaongeza kipato kwa kuwaandikia wafadhili ripoti za ushauri. Muda wa utafiti ukapotea, na utafiti ndio unaompatia mhadhiri cheo.

Marekani nako si mteremko. Mhadhiri kijana kwa kawaida huwa katika kipindi cha majaribio cha takriban miaka sita, kisha maandiko yake hupimwa na wenzake. Akifaulu hupata ajira ya kudumu. Asipofaulu hufungasha virago. Hata hivyo, katika vyuo vikubwa vya utafiti hupewa vipindi vichache vya kufundisha, maktaba iliyojaa na likizo ya kuandika.

Mwaka 2010 Mamdani alirejea Kampala kuiongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, bila kuiacha Columbia. Si kila chuo kitampata profesa wa kugawana na New York. Lakini mwaka 2012 taasisi hiyo ilianzisha shahada ya uzamivu yenye masomo ya darasani, ili vijana wasilazimike kuifuata ng'ambo, kwa kuwa safari nyingi za kuhama moja kwa moja huanzia huko masomoni. Aliiongoza hadi mwaka 2022.