Kugeuza Lori Kuukuu la Jeshi Kuwa Nyumba ya Kambi ya Ununuzi

Kila mwaka alizeti na mbaazi zinapokomaa, vyama vya msingi vya wilaya ya Babati hukabiliwa na tatizo lile lile. Karani na mpimaji hupelekwa katika kijiji kilicho mbali na ghala, hukaa huko wiki mbili au tatu, nao hulala penye magunia. Pengine hupewa chumba cha shule. Pengine hujihifadhi chini ya turubai. Mwenye dhamana ya mizani, vitabu vya stakabadhi na mita ya kupimia unyevu anapolala mahali pasipo na kufuli, mali ya wanachama nayo imelala mahali pasipo na kufuli. Kwa sababu hiyo yafaa lipimwe wazo la kununua lori lililokwisha kutumika jeshini na kulijengea chumba cha kuishi mgongoni. Wazo hilo lina faida za kweli, na hatari zake pia ni za kweli.

Jambo lenyewe si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1970 na 1980 kampuni za safari za Uingereza, kama vile Encounter Overland na Exodus, zilinunua malori ya Bedford yaliyouzwa na jeshi la nchi hiyo, zikayatengeneza upya, na kuyatumia kuvusha abiria jangwani Sahara na kuingia katika nchi zetu. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo wakoloni waliiota iunganishe Rasi ya Tumaini Jema na Kairo, hupita katikati ya mji wa Babati ikitoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Sehemu ya Babati hadi Dodoma, kilometa 251, ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018; kabla ya hapo, wakati wa masika, ilikuwa njia ya malori yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote na ya watu wenye subira. Yafaa ifahamike kuwa malori yale ya safari hayakujengewa nyumba nzito. Yaliwekewa viti, masanduku ya vyombo ubavuni na tangi la maji, na abiria wake walilala katika mahema. Waliojenga hivyo walikuwa na sababu, nayo itaelezwa hapa chini.

Karibu zaidi na Babati uko mfano mwingine, nao si wa kufurahisha. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa. Mitambo mipya ilikuwa haipatikani baada ya vita, basi wakuu wa mradi walinunua matrekta na mitambo iliyosazwa na majeshi, na hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Mashine nyingi za kwanza ziliharibika mapema, vipuri vikawa adimu, na ardhi ngumu ikamaliza zilizobaki. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mitambo ile ilinunuliwa kwa kuwa ilikuwapo, wala haikuulizwa nani angeitengeneza ikiharibika na kwa vipuri vipi.

Swali hilo ndilo la kwanza kwa chama kinachokusudia kununua. Bedford RL, lililoanza kutengenezwa mwaka 1953, ni lori imara, lakini injini yake ya awali ni ya petroli, ya silinda sita na ujazo wa lita 4.9, nayo hunywa lita moja kwa kilometa mbili na nusu au tatu. Kwenda Dodoma kutoka Babati peke yake ni lita 85 hadi 100. Bedford MK la miaka ya 1970 lina injini ya lita 5.4, na yale ya dizeli yana nafuu kubwa, ila malori ya Bedford yaliacha kutengenezwa na General Motors mwaka 1986. Lori lolote lenye injini ambayo mafundi wa Babati na Arusha huifungua kila juma lina thamani kuliko lori lenye sifa za vitani ambalo pampu yake ya mafuta haijulikani na fundi yeyote upande huu wa bahari.

Muuzaji wa lori la jeshi hupenda kuonyesha kilometa chache zilizoandikwa kwenye saa yake. Kilometa chache si dalili ya uzima. Lori lililosimama uwanjani miaka kumi mihuri yake ya mpira imekauka, tangi lake lina kutu ndani, na mafuta ya breki yamevuta maji kutoka hewani. Tairi zake huweza kuwa na meno kama mapya na bado zikapasuka safari ya kwanza, kwa sababu mpira huzeeka hata usipotembea. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za tarehe: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi yenye tarakimu tatu tu ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nayo ingefaa bembea ya watoto.

Magurudumu ya jeshi yana hatari nyingine iliyokwisha kuua mafundi wengi duniani. Baadhi yake yameundwa kwa vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na mengine yana ringi ya kufungia. Anayelegeza nati hizo tairi ikiwa na upepo hurushiwa chuma usoni kwa nguvu ya bomu. Upepo wote hutolewa kwanza, kwa kuchomoa sindano ya valvu, ndipo kazi ianze. Na wakati wa kujaza, gurudumu huwekwa ndani ya kizimba cha chuma, au hufungwa kwa mnyororo, na fundi husimama kando.

Sasa chesisi. Hapa ndipo nyumba nyingi za namna hii huharibika, na ndipo penye haja ya maelezo marefu. Chesisi ya lori la jeshi imeundwa kwa makusudi ijisokote. Gurudumu moja la mbele linapopanda jiwe na lile la nyuma la upande huo huo linapozama shimoni, vyuma viwili virefu vya chesisi hupindana, na kwa kupindana huko magurudumu yote manne hubaki chini yakiendelea kusukuma. Anayetaka kuona atafute kichuguu kidogo, apandishe gurudumu moja la mbele, kisha asimame ubavuni na kutazama nafasi iliyo kati ya kibini ya dereva na bodi ya nyuma. Upande mmoja itapanuka, upande mwingine itabanwa. Nyumba ya mbao na mabati haijui kujisokota. Ikifungwa kwa bolti pande zote nne juu ya chesisi kama hiyo, kimoja kati ya viwili hakina budi kushindwa: ama pembe za nyumba zitafunguka, milango ikatae kufunga na maji ya mvua yaingie, ama chesisi yenyewe itapasuka penye bolti.

Dawa yake yajulikana kwa kila mtu aliyekalia kigoda. Meza ya miguu minne hucheza sakafuni pasipo sawa, lakini kigoda cha miguu mitatu hutulia popote. Basi nyumba hujengwa kwanza juu ya fremu yake ngumu ya chuma, na fremu hiyo hushikwa na chesisi mahali patatu tu: pawili kwa nyuma, kulia na kushoto, na pamoja mbele katikati, penye pini nene inayoruhusu kuzunguka. Chesisi ijisokote itakavyo, nyumba juu yake itainama bila kupindika. Njia nyepesi zaidi ni kulaza fremu juu ya ubao mgumu uliofuata urefu wa chesisi, kuifunga imara kwa nyuma, na kwa mbele kuifunga kwa bolti ndefu zenye springi, ili iweze kunyanyuka kidogo na kurudi. Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kuiacha bodi ya mizigo ya jeshi mahali pake, maana walioiunda walikwisha kuliwazia jambo hili, na kujenga chumba ndani ya bodi hiyo bila kukigusisha na chesisi wala kibini.

Kwa vyovyote vile, chesisi haichomelewi. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu wa chuma kile, na ufa huanzia hapo hapo. Tundu likiwa la lazima, litobolewe katika ubavu wa chesisi, si katika uso wake wa juu au wa chini unaobeba mvuto wote.

Uzito nao huhesabiwa kwa karatasi kabla ya msumari wa kwanza. Tuseme chumba kina urefu wa meta 4, upana wa meta 2.3 na kimo cha meta 1.9. Sakafu, dari na kuta zake zote ni meta za mraba 42 na kidogo. Plaiwudi ya milimita 12 ina uzito wa kilo 7 hivi kwa meta ya mraba, kwa hiyo ngozi ya nje peke yake ni kilo 300. Ngozi ya ndani yenye nusu ya unene ni kilo 150, mbao za mifupa 250, vitanda na makabati 200, maji lita 200 ambayo ni kilo 200, tairi mbili za akiba na rimu zake 200, watu watatu na mizigo yao 300. Jumla ni kilo 1,600, bila fremu ya chuma. Lori la tani nne huibeba bila kunung'unika, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: zimebaki tani mbili, kwa nini yasipandishwe magunia ishirini juu ya paa? Sakafu ya lori hilo iko zaidi ya meta moja kutoka ardhini. Paa liko zaidi ya meta tatu. Magunia ishirini juu ya paa, katika kona za mteremko wa Bashnet au njia ya udongo yenye kuinama upande mmoja, ni lori lililolala ubavu. Kampuni za safari ziliweka maji na vyombo chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kulala katika mahema, kwa hesabu hii hii. Paa la nyumba hii lichukue rangi nyeupe na kipande cha kunasa jua. Zaidi ya hapo lisichukue kitu.

Ndani ya chumba mambo ni ya kawaida ya fundi seremala, isipokuwa hewa na moto. Usiku wa Juni na Julai huwa na baridi Babati, na karani aliyechoka atashawishika kuingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Asiruhusiwe kamwe. Mkaa unaowaka katika chumba kidogo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na anayelala nayo haamki. Joto litafutwe kwa kuta za ngozi mbili zenye nafasi katikati iliyojazwa sponji ngumu, na kwa mablanketi. Matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yabaki wazi saa zote, yakiwa na wavu wa kuzuia mbu, hasa kwa lori litakalolala mabondeni kama Magugu. Mtungi wa gesi ukae katika sanduku la nje lenye tundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Mlango ufunguke kwa ndani bila ufunguo, na dirisha moja liwe kubwa la kumtosha mtu kutoka.

Umeme wa malori mengi ya jeshi ni wa volti 24, unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Mafundi wavivu huchukua waya kutoka betri moja ili kupata taa za volti 12. Betri hiyo huishiwa huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa kabla ya msimu kwisha. Chumba kiwe na betri yake na paneli yake ya jua. Paneli ya wati 100, kwa jua la Babati, huleta wati-saa 400 hivi kwa siku. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100, simu kumi ni 150, na inayobaki yatosha mizani ya kielektroniki.

Yapo pia ya ofisini. Ununuzi wa namna hii hupitishwa na mkutano mkuu, na ikiwa fedha ni za kukopa, hautavuka ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Lori lililouzwa kama chuma chakavu haliandikishwi kwa urahisi, kwa hiyo namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na hati mnadani, kabla ya fedha kutolewa. Mabadiliko ya bodi na rangi yaandikwe Mamlaka ya Mapato, ukaguzi ufanywe na polisi wa usalama barabarani, na bima itaje matumizi mapya. Rangi ya kijeshi na alama zake zote zifutwe, zisije zikamtia dereva mashakani. Lori likiwa mwendoni, watu wote wakae kibinini. Chumba cha nyuma hakina viti wala mikanda.

Safari ya kwanza ianze na kituo cha mizani, kila ekseli ipimwe peke yake. Baada ya kilometa 100 lori lisimamishwe mahali tambarare, bolti zote za fremu na nati za magurudumu zikazwe tena, na fundi atambae chini na tochi atazame penye pini ya mbele kama chuma kimeanza kung'aa upande mmoja kuliko mwingine. Kikiwa kinang'aa upande mmoja, fremu imekaa kombo, na hurekebishwa Babati mjini kabla lori halijapelekwa Galapo au Bashnet kwa msimu.