Matandazo Yasiyooza

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa Marekani kwa wapenda bustani, ni chache zinazosifiwa kwa jambo lile lile linalostahili lawama kama matandazo ya mpira, yaani matairi makuukuu yaliyosagwa yakawa chenga, yakatolewa nyuzi za chuma na kupakwa rangi ifananayo na magome ya miti. Kwani fahari ya wauzaji ni kwamba hayaozi.

Kufunika udongo usikaushwe na jua na kuyazuia magugu ni nusu tu ya kazi ya matandazo. Nusu ya pili, ambayo aghalabu mwenye bustani haioni, hutendeka pale majani makavu na maranda yanapoliwa na kuvu na nyungunyungu hata yakageuka mboji. Mpira hauna hidaya hiyo. Tangu mwaka 1839, Charles Goodyear alipotambua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara, juhudi zote za wenye viwanda zimekuwa kuuzuia usiharibike, wala hawakukusudia kumlisha mdudu yeyote.

Hata hivyo kipo kitu mpira utoacho. Tairi lina zinki, yapata asilimia 1 ya uzito wake, iliyotiwa ili kuisaidia salfa. Na madini haya, ambayo mmea huyahitaji kwa kadiri ndogo mno, yakizidi, hasa penye udongo wa asidi, majani hugeuka manjano na mizizi ikadumaa. Fauka ya hayo, mwaka 2020 wataalamu wa jimbo la Washington walibainisha kwamba dawa iitwayo 6PPD, itiwayo matairini yasipasuke upesi, ikikutana na ozoni ya hewani huzaa sumu, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwaua salmoni aina ya koho katika vijito vya Puget Sound mvua inyeshapo. Sumu ile ilitoka barabarani, si bustanini, na insafu yatutaka tuseme hivyo. Ila mpira ni ule ule.

Chini ya bembea za watoto siyapingi sana matandazo haya, maana huko hapapandwi kitu na aangukaye hupata pa kuangukia. Penye waridi na michungwa, maranda yanatosha. Aliyekwisha kuyatandaza ya mpira na ayazoe mapema, udongo ungali mkavu. Chenga zikishazama, hata chekeche halizimalizi.