Chungu Kimoja kwa Watu Wote wa Nyumba

Tumfikirie mtu mzima wa Ndama, katika Karagwe, apataye miaka hamsini. Miezi kadha sasa aona kiu isiyokwisha, aamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, na mwili wapungua ijapokuwa ala vizuri. Majirani wanong'ona ya kwamba amerogwa. Mwisho aenda hospitali ya Nyakahanga, apimwa damu, naye aambiwa ana kisukari. Arudi kwa moyo mzito, ajiuliza: Nitakula nini sasa?

Zamani ugonjwa huu ulikuwa haba vijijini. Uchunguzi wa vijiji kadha vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, haukukuta hata mgonjwa 1 katika watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika 100 kwa watu wa miaka 25 hata 64. Njia za kupima hazikuwa moja, lakini twaona jinsi ugonjwa ulivyosogea karibu na milango yetu.

Kazi ya insulini, itokayo katika kongosho, ni kuifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia mwilini. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, mwili hauitii insulini sawasawa, na kongosho huchoka. Sukari hubaki katika damu, nayo huharibu polepole macho, figo, mishipa na miguu, bila maumivu mwanzoni. Kwa hiyo mtu asiache vidonge kwa sababu ajiona mzima.

Wala asizikimbie ndizi, chakula chetu tangu babu. Lakini azile kwa kipimo: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ndizi za kupika, robo maharage au samaki. Ndizi ikiiva, wanga wake hugeuka sukari; basi maji ya ndizi mbivu na chai tamu aviache. Aendapo shambani avae viatu, na kila jioni azitazame nyayo zake, maana mguu uliokufa ganzi hauoni mwiba. Na mtu atumiaye sindano ya insulini akitokwa jasho, akitetemeka na kuanza kupotewa na maneno, apewe maji ya sukari upesi maadamu aweza kumeza. Waalimu, yafaa mlijue jambo hili.

Lakini lililo gumu kupita yote ni upweke. Mama wa nyumba hupika vyungu viwili, na mgonjwa hula peke yake kama mgeni. Baada ya miezi michache mama amechoka, na mgonjwa aona haya kuwa mzigo. Basi hurudia chakula cha zamani kimya kimya. Arusini naye aletewa kibuyu cha rubisi. Akikataa, husemwa ana dharau.

Dawa ya upweke huu i mikononi mwetu. Nyumba ipike chungu kimoja. Chakula kimfaacho mgonjwa chawafaa na watoto, nao huenda wamerithi mwelekeo wa ugonjwa huo huo. Mwenye arusi naye ampe mgeni wake maji safi kwa heshima, asimwulize mbele ya watu. Vidonge vyatoka hospitali, bali nguvu ya kuvimeza kila siku, mwaka hata mwaka, mgonjwa huipata kwa wale alao nao.