Theluji Haifichi Moshi

Nikel ni mji mdogo wa Urusi, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Norway. Kwa miaka mingi kiwanda cha kuyeyushia nikeli na shaba kilitoa humo moshi wa salfa uliovuka mto hadi kwa majirani, nao wakalalamika mpaka wakachoka. Kilifungwa Desemba 2020. Aliyetaka kujua kilichotoka katika mabomba yake angeweza kuuliza ofisini. Au angechukua bomba la plastiki na kwenda kuchota theluji.

Theluji inaposhuka hukokota vumbi la hewani, na ikishatua, vumbi jingine huendelea kuiangukia usiku na mchana. Mvua yetu nayo huifua hewa hivyohivyo, ila maji yake hupotea mferejini siku hiyohiyo. Kaskazini ya mbali theluji hulala miezi mingi, tabaka juu ya tabaka, nayo hesabu ya majira yote ya baridi hubaki palepale ilipoandikwa.

Mpimaji hulishindilia bomba lake kutoka juu hadi karibu na ardhi, akiacha sentimita chache za chini ili udongo usiingie. Koleo la chuma halifai: ataishia kupima koleo. Lazima pia awahi. Mayeyuko ya kwanza huondoka na sehemu kubwa ya salfeti na tindikali, na uchunguzi uliofanywa Norway ulionyesha kuwa theluji ikiyeyuka thuluthi moja tu, zaidi ya nusu ya chumvi zake huwa zimekwisha kwenda. Ndiyo maana samaki wa vijito vya huko hupata taabu zaidi majira ya kuchipua kuliko wakati wa baridi kali.

Maabarani theluji huachwa iyeyuke yenyewe, kisha huchujwa. Maji hupimwa salfeti, nitrati na metali zilizoyeyuka. Masizi na vumbi lililobaki kwenye chujio hukaushwa na kupimwa uzito. Tuseme midomo ya mabomba yote ya kuchotea theluji kwa pamoja ina eneo la mita ya mraba 0.05, vumbi ni miligramu 600, na theluji imekaa siku 150. Gawanya, utapata miligramu 80 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hesabu ya shule ya msingi, na haihitaji umeme wala mlinzi wa mtambo.

Kusoma majibu ndiko kugumu. Nikeli na shaba husafiri ndani ya chembe za vumbi, kwa hiyo nyingi huanguka jirani na kiwanda. Salfa hutoka kama gesi, na katika baridi na giza la Aktiki gesi hiyo hugeuka salfeti polepole mno. Theluji huikamata kidogo, nyingine ikaenda zake mbali. Anayepima salfeti peke yake karibu na bomba la moshi anaweza kuondoka akiamini hewa ni safi. Tindikali nayo ina ujanja wake. Palipo na mitambo ya makaa ya mawe, majivu yenye chokaa huimeza tindikali, na theluji chafu kabisa ikaonekana kuwa na tindikali ndogo kuliko ile ya porini.

Theluji hurekodi hata nafuu. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi Clair Patterson na wenzake walichimba theluji ya Greenland, wakihangaika zaidi na uchafu wa mikono na nguo zao wenyewe kuliko na baridi, wakaonyesha jinsi madini ya risasi yalivyopanda tangu zama za kale, sehemu kubwa ya ongezeko la karibuni ikitokana na petroli iliyotiwa risasi. Marekani na nchi nyingine zikaanza kuyapunguza katika mafuta ya magari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1991 yalionyesha kuwa risasi katika theluji ya Greenland ilikuwa imepungua mara 7.5 tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960.