Mzizi wa Kitenzi na Utafutaji Unaokawia katika Jedwali Kubwa la Hifadhidata

Jedwali lenye mamilioni ya maneno ya Kiswahili linapokawia kutoa majibu, aghalabu lawama huelekezwa kwa seva. Hata hivyo, chanzo chaweza kuwa muundo wa lugha yenyewe. Faharasa ya kawaida ya PostgreSQL, yaani mti wa B, hupanga maneno kwa herufi za mwanzo, kama kamusi ifanyavyo. Mzizi wa kitenzi cha Kiswahili, kwa upande wake, hutanguliwa na viambishi: anapenda, hawakupendana, tutakapopenda. Anayetafuta -pend- popote ndani ya neno huilazimisha hifadhidata kusoma jedwali zima, mstari kwa mstari. Amri ya EXPLAIN huudhihirisha mpango huo.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuuweka mzizi katika safu yake yenye faharasa; njia hii huhitaji uchanganuzi wa kimofolojia. Ya pili ni faharasa ya vipande vya herufi tatutatu, ipatikanayo katika kiendelezi cha pg_trgm. Hii huongeza mahitaji ya hifadhi, nayo haiifai mizizi mifupi kama -f- na -j-.

Kwa hiyo, taasisi inayokusudia kununua seva iuchunguze kwanza mpango wa utafutaji. Seva kubwa zaidi italisoma jedwali kwa haraka, lakini bado italisoma lote.