Pikapu Inayosaga Ukikanyaga Mafuta

Natumaini wanavikundi mmekwisha kukaa, na kalamu na karatasi mnazo. Juma lililopita tulijifunza habari za breki. Leo tutazungumza juu ya kelele ya kusaga inayotoka chini ya pikapu dereva akanyagapo mafuta.

Tuchukue mfano. Bwana mmoja ana pikapu ya kuchukulia kabeji. Asubuhi anapanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Nyuma amepakia mifuko ya mbolea, na juu ya mifuko wamekaa watu watatu. Kila akikanyaga mafuta husikia "krrr, krrr", kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Akiachia, kelele hunyamaza. Anajiambia, "Nitaitazama Jumamosi." Jumamosi fundi anamwambia, bila kuiendesha gari hata hatua moja, "Giaboksi imekufa, nunua nyingine." Je, anunue?

Asinunue bado. Daktari mwema humwuliza mgonjwa anaumwa wapi na wakati gani, ndipo atoe dawa. Gari nayo huulizwa vivyo hivyo.

Yafaa kwanza tujue njia ya nguvu. Pikapu nyingi za kazi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Nguvu hutoka katika injini, hupita katika klachi, huingia giaboksi, hufuata propela, yaani ile fimbo nene ya chuma iliyo chini ya gari, hufika difu, kisha hugawanywa kwa magurudumu mawili. Ubovu waweza kuwa popote katika njia hiyo. Basi tuulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, inasaga ikiwa imesimama? Isimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, toa gia, kanyaga mafuta. Ikisaga hapo, propela, difu na magurudumu hayana kosa, maana hayazunguki. Tazama mbele: bati la ekzosi lililolegea, feni inayogusa kifuniko chake, au mpira wa kushikilia injini uliokatika. Kisha kanyaga klachi. Kelele ikianza ukikanyaga, shuku beringi ya klachi. Ikikoma ukikanyaga na kurudi ukiachia, shuku beringi ya giaboksi, pale nguvu inapoingilia.

Swali la pili: je, inasaga katika gia zote? Iendeshe polepole barabara tambarare isiyo na watu. Ikisaga katika gia moja tu, ubovu umo ndani ya giaboksi. Ikisaga katika gia zote, na kelele ikifuata mwendo wa gari, tazama nyuma ya giaboksi.

Swali la tatu: ukiachia mafuta, je, kelele inakoma? Ikiendelea vile vile, na kubadilika ukikata kona, shuku beringi ya gurudumu. Ikikoma mara moja, shuku sehemu zinazolemewa wakati wa kuvuta mzigo: difu, au viungo vya propela, ambavyo mafundi huviita krosi kwa kuwa vina umbo la msalaba.

Pikapu ya bwana wetu husaga katika gia zote, hukoma akiachia, na tena hugonga "ko!" inapoanza kuondoka. Dalili hizi zaonyesha krosi, wala si giaboksi.

Namna ya kukagua ni hii. Zima injini, zuia magurudumu yote manne kwa mawe makubwa au magogo, toa gia. Ukihitaji kuinua gari, iweke juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika krosi kwa mikono miwili, mmoja kila upande, uizungushe huku na huku. Krosi nzima hailegei hata kidogo. Ikilegea, au ukiona unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake, imekwisha. Ikiwa propela ni ya vipande viwili, kagua pia beringi ya katikati na mpira wake.

Kabla ya kufungua propela, piga alama kwa rangi pande zote mbili za kiungo, ili irudi kama ilivyokuwa. La sivyo gari yaweza kutetemeka. Na yakumbukwe haya: propela ikiisha kufunguliwa, gia haiizuii gari tena. Hata ukiiacha katika gia ya kwanza itaserereka. Mawe yasiondolewe.

Krosi zikiwa nzima, tazama oili ya difu. Fungua kizibo cha juu kwanza, kwa sababu kikikataa kufunguka baada ya kumwaga oili chini, utaijazaje? Oili ifike ukingoni mwa tundu. Pikapu nyingi hutumia oili ya gia 80W-90 ya daraja la GL-5, lakini fuata kitabu cha gari yako. Oili ya injini haifai hapo. Unga laini wa chuma ni kawaida. Ukikuta vipande vya meno, mpelekee fundi mwenye vipimo vya difu.

Krosi moja ni rahisi mno kuliko giaboksi. Lakini kuna hesabu nyingine. Krosi ya mbele ikikatika, ncha ya propela yaweza kuanguka, ikachoma ardhi na kuirusha gari, au ikakata bomba la breki. Wafikirie wale watatu juu ya mifuko, katika kona za mlima ule. Ukisikia kelele hii, shusha watu na mzigo, ukague siku hiyo hiyo. Jumamosi ni mbali.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kelele inakoma ukikanyaga klachi. Utashuku nini?
2. Kwa nini tunapiga alama kabla ya kufungua propela?
3. Fundi asiyejaribu gari barabarani anataka kubadili giaboksi. Mtamwuliza maswali gani?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajifunza habari za oili ya injini. Kwaherini.