Msaada uombwe kwa lugha ya mwombaji

WAHENGA walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Mashirika ya misaada ya leo hujitapa kwamba yao humwuliza. Swali langu ni hili: humwuliza kwa lugha gani?

Siku moja ya masika nilifuatana hadi Nairobi na jirani yangu wa Sosiot, mtumishi wa shirika dogo la hisani. Mkobani alibeba barua ambayo akina mama wa kwetu waliiandika wenyewe kwa Kiswahili. Waliomba tangi la kukingia maji ya paa la shule ya msingi. Mvua haiadimiki katika nchi yetu ya majani chai, ila hutiririka ikapotea, huku watoto wakiteremka mtoni na mitungi kabla ya kengele ya asubuhi.

Tulikuwa na mikutano mitatu: Upper Hill, Westlands na Kilimani. Magari yalikwama, nauli za matatu zikapanda kama ilivyo ada inyeshapo, nasi tukafika kote tumerowa chapachapa. Hayo tuliyavumilia. Katika mkutano wa mwisho, afisa aliitazama barua, akaturudishia, akasema kwa Kiswahili fasaha kwamba maombi hupokewa kwa Kiingereza tu. Muda ungekwisha baada ya siku tatu.

Jirani yangu alikesha akitafsiri na kujaza fomu. Tuliporejea Sosiot kutafuta sahihi, mama mmoja mzee aliyapekua makaratasi, akauliza: "Mwanangu, hapa pameandikwa tangi?"

Lilikuwapo, ukurasa wa nne, nyuma ya msitu wa maneno kuhusu uwezeshaji na uendelevu. Mama alitia sahihi kwa kutuamini tu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kwa nini basi mhisani anayefanya kazi nchini asiipokee barua ya Kiswahili, akagharimia mwenyewe tafsiri anayoihitaji? Najua lugha ya kwanza ya mama yule ni Kipsigis. Hata hivyo, Kiswahili anakisoma, na anaweza kukikosoa kilichoandikwa kwa jina lake.

Nasi walimu tuna deni. Tunawafunza wanafunzi ngeli na tamathali. Tuwafunze pia kuandika kumbukumbu za mikutano, makadirio ya fedha na maombi ya msaada kwa Kiswahili. Mtu akitia sahihi, na ajue alichokiomba.